Utohozi: Tsubasa Anapotoka Kwenye Karatasi

Wanaisimu wa Kiswahili wanalijua neno utohozi kwa kazi moja. Neno la kigeni linapoingia katika lugha yetu na kubadilishwa umbo hadi ulimi ulizoee, limetoholewa. Ndivyo mesa ya Kireno ilivyogeuka meza, na Schule ya Kijerumani ikawa shule. Ninapendekeza tulipe neno hili kazi ya pili: kutaja kile kinachofanyika manga inapogeuzwa kuwa anime, au riwaya inapogeuzwa kuwa filamu. Hapa Lubumbashi jambo hilo tunalitaja kwa Kifaransa, kisha tunaendelea na Kiswahili chetu kana kwamba pengo halipo.

Kuna maneno mengine yanayojitokeza, lakini hayatoshi. Tafsiri inahama kutoka lugha hadi lugha, na hapa lugha inaweza kubaki ileile. Marekebisho yanadokeza kwamba kazi ya awali ilikuwa na kasoro. Uigaji nao unamvunjia heshima mtu aliyefanya kazi mpya kwa mikono yake. Utohozi unabeba jambo ambalo hayo hayabebi: kinachoingia mahali papya hutii sheria za mahali hapo. Meza haikupata herufi z kwa ajili ya urembo.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe vitu viwili ambavyo vijana wengi wa mjini kwetu wanaviita kwa jina moja. Manga ni hadithi ya picha iliyochapwa, inayosomwa kuanzia kulia kwenda kushoto. Anime ni picha zinazotembea, zenye sauti na muziki. (Wasomaji wa pwani watakumbuka kwamba Manga kwao ni Uarabuni, na kwamba pilipili manga ilifika sokoni karne nyingi kabla ya katuni za Japani.)

Mfano wangu ni manga ya soka, Captain Tsubasa. Yoichi Takahashi alianza kuichapisha mwaka 1981 katika jarida la Weekly Shonen Jump. Utohozi wa kwanza ulionyeshwa Japani kuanzia Oktoba 1983 hadi Machi 1986, vipindi 128. Ulipofika kwenye televisheni ya Ufaransa mwaka 1988 uliitwa Olive et Tom, na kwa jina hilo ndivyo wengi wetu tunaozungumza Kifaransa tulivyoujua. Mwaka 2018 studio ya David Production ilianza upya kabisa, vipindi 52, na huo ndio ninaotaka kuuzungumzia.

Kilichonigusa mara moja ni kasi. Mwanzoni mwa hadithi Tsubasa, mtoto mgeni mjini, anaupiga mpira kutoka mahali pa juu hadi nyumbani kwa golikipa Wakabayashi ili kumchokoza. Katika manga mpira huo hausogei hata sentimita moja. Takahashi anachora mguu ulionyooka, mistari ya kasi inayokimbilia kona ya ukurasa, na mpira uliovutwa hadi unafanana na yai. Anayepima muda ni msomaji: akitaka atabaki pale dakika nzima, akitaka atafunua ukurasa. Kwenye anime haki hiyo inahamia kwa mwongozaji. Ni lazima aamue mpira utakaa hewani kwa sekunde ngapi, na akishaamua, sote tunangoja pamoja.

Watu wa 1983 waliamua kungojesha sana. Mtu anakimbia, anawaza, anakumbuka utoto wake, na uwanja unajipinda kama hauna mwisho. Wengi wanaucheka uwanja ule, lakini sababu yake ilikuwa ya kikazi. Manga ilikuwa bado inachapishwa na iliendelea hadi 1988. Kipindi cha kila wiki kingekimbia, kingemaliza kurasa zilizokuwepo. Watu wa 2018 hawakubanwa hivyo, kwa kuwa kurasa zote zilikuwa mezani miaka 30 kabla yao. Safari ileile, kutoka shule ya msingi hadi fainali ya timu za Nankatsu na Toho, waliimaliza kwa vipindi visivyofika nusu ya vile vya zamani.

Je, utohozi wa 2018 ni bora zaidi? Ni safi zaidi, na unaiheshimu manga kuliko ule wa kwanza. Lakini katika vipindi vya mwanzo niliona heshima hiyo ikizidi. Picha inakuja kama ilivyopangwa kwenye ukurasa, inaondoka, na hofu ya golikipa haikupewa nafasi ya kuingia mwilini mwangu. Ule wa zamani, pamoja na urefu wake wote, ulijua kwamba televisheni inaishi kwa kungoja. Kufuata kila ukurasa hakutoshi kuufanya utohozi uwe mzuri.

Lubumbashi ina ushahidi wake katika hili. Mwaka 1986 kundi la maigizo la Mufwankolo lilichukua msemo mmoja tu, kwamba madaraka huliwa mazima, likautengenezea mchezo mzima kwa Kiswahili cha mji huu, likauigiza katika kijiji cha Kawama mbele ya kamera za televisheni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha 1990, Power and Performance. Hawakuwa na maandishi ya mchezo. Walikuwa na maneno machache, na ilibidi wayatafutie chifu, wake, wagomvi na sauti. Kwangu huo ni utohozi uliokamilika, na hakuna aliyewauliza kama waliufuata msemo neno kwa neno.

Tukija kwenye majina, Wafaransa walimwita Tsubasa Olivier. Hapo hawakutohoa, walibadilisha. Sisi hatuna haja hiyo. Kijapani, kama Kiswahili, kinapenda kumaliza silabi kwa irabu, ndiyo maana majina ya wahusika wa manga kama Naruto, Sasuke na Sakura yanatamkika katika mitaa yetu ya Katuba na Kamalondo bila shida yoyote. Siku studio au redio ya hapa itakapotaka kumleta Tsubasa kwa Kiswahili, imwache na jina lake. Nguvu yote iende kwa mtangazaji wa mechi, maana katika hadithi hii ndiye anayeshika saa. Apewe mtu aliyezoea kutangaza mechi za klabu yetu ya Mazembe, anayejua lini aongeze sauti na lini auache mpira uende.