Ibanga: Waandishi wa Taharuki kati ya Gitega na Muyinga

Tarehe 15 Januari 1963, mjini Gitega, watu watano walinyongwa hadharani mbele ya umati. Walikuwa wamehukumiwa kwa kula njama ya kumuua Mwanamfalme Louis Rwagasore, mzaliwa wa mji huohuo, aliyepigwa risasi usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961 akiwa mezani kwenye hoteli moja kando ya ziwa, Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Alikuwa na umri wa miaka 29. Chama chake cha UPRONA kilikuwa kimetoka kushinda viti 58 kati ya 64, na yeye alikuwa waziri mkuu kwa majuma machache tu. Aliyefyatua risasi, Mgiriki Jean Kageorgis, aliuawa tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya bendera ya Burundi huru kupandishwa.

Msomaji aliyezoea hadithi za upelelezi angesema kitabu kimekwisha: muuaji kapatikana, waliomtuma wamepatikana, kamba imefanya kazi yake. Ila mwaka 2021 Mbelgiji Ludo De Witte, yuleyule aliyeandika juu ya kifo cha Lumumba, alitoa kitabu kingine kilichofungua jalada upya na kuwaelekezea kidole watawala wa Kibelgiji wa wakati ule. Miaka 60 baadaye, sura tuliyodhani ni ya mwisho ikawa ya katikati.

Naanzia hapo kwa makusudi. Mtu anayetaka kujua waandishi wa taharuki wa pande hizi wanaishi vipi, wanapenda nini na wanaandika saa ngapi, ajue kwanza wanaandikia nchi ya namna gani. Burundi haikuwa na upungufu wa siri. Ilikuwa nazo nyingi mno, na ilikuwa na watu maalumu wa kuzitunza.

Kwa Kirundi siri huitwa ibanga. Neno hilohilo lina maana ya wajibu, jukumu ambalo mtu amekabidhiwa. Asiye na ibanga si mropokaji tu, ni mtu asiyeaminika kwa lolote. Katika enzi za wafalme walikuwepo abanyamabanga, wenye siri, waliolinda makaburi ya wafalme na kuandaa umuganuro, sherehe ya kupanda mtama ambayo bila hiyo mwaka haukuanza. Karyenda, ngoma kuu ya ufalme, haikuonekana ovyo. Ingoma kwa Kirundi ni ngoma na ni ufalme pia, kwa hiyo kuificha moja ni kuuficha mwingine. Kilima cha Gishora, kilomita chache kutoka Gitega, bado kina watunza ngoma wake. Mapokeo yanasema Mwami Mwezi Gisabo alikiweka wakfu baada ya kumshinda mwasi aliyeitwa Ntibirangwa. Mwaka 2014 UNESCO iliitambua ngoma ya Burundi kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na watalii wanapiga picha. Umuganuro wenyewe ulizimwa chini ya utawala wa Kibelgiji mwishoni mwa miaka ya 1920.

Neno abanyamabanga halikufa. Leo umunyamabanga ni katibu wa ofisini, mwenye mafaili na muhuri. Kiswahili kilimpa katibu jina kwa sababu ya kalamu yake. Kirundi kilimpa jina kwa sababu ya mdomo wake uliofungwa. Mwandishi wa taharuki anahitaji vyote viwili. Anajua muuaji ni nani tangu ukurasa wa kwanza, na kazi yake ni kuuficha ukweli huo kwa kurasa mia mbili bila kusema uongo hata mara moja.

Sanaa hiyo wazee waliifundisha jioni kwa vitendawili. Anayetega husema “Sokwe!” na wanaotegewa huitikia “Niruze!”, kama pwani wanavyosema “Kitendawili!” na kujibiwa “Tega!” Riwaya ya upelelezi ni kitendawili kilichorefushwa, na sishangai kwamba mtu aliyeianzisha kwa Kiswahili alikuwa Mzanzibari aliyelelewa katikati ya mafumbo.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alipomaliza shule mwaka 1938 aliajiriwa idara ya afya, akawa mkaguzi wa usafi, yaani bwana afya. Wasomi wengi huipita habari hii wakikimbilia kumlinganisha na Conan Doyle. Mimi naona hapo ndipo alipopata shule yake ya pili. Bwana afya huingia uani kwa watu bila kualikwa. Anafunua mtungi, ananusa mfereji, anauliza nani analala chumba kipi, na anaambiwa uongo kutwa kucha na watu wenye adabu. Baada ya miaka kumi ya kazi hiyo, mwaka 1948 aliingia uhariri wa magazeti. Kuanzia 1958 hadi alipostaafu 1968 alihariri gazeti la kilimo, Mkulima. Mchana mbolea na karafuu, usiku maiti kwenye mzimu. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58, ukachapwa 1960. Baada yake zilikuja Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyinginezo, hadi Kosa la Bwana Msa la 1984. Abdulla alifariki 1991.

Shujaa wake, Bwana Msa, ana kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni. Kiko kile ni cha Sherlock Holmes wa Baker Street, hakuna ubishi. Lakini angalia anavyopeleleza: kwa mazungumzo, kwa nasaba, kwa kujua nani alimwoa nani na mtoto huyu ana sura ya nani. Makosa ya jinai katika vitabu vile karibu yote huanzia kwenye siri ya ukoo. Mrundi yeyote wa Gitega aliyewahi kusikia habari za Wabezi na Watare, koo mbili za kifalme zilizokuwa nyuma ya kesi ya Rwagasore, angeielewa mantiki hiyo bila kufasiriwa.

Wengine nitawapita haraka. Faraji Katalambulla aliileta simu na polisi wa mjini katika Simu ya Kifo mwaka 1965, naye Inspekta Wingo akawa mtu wa sare, tofauti kabisa na yule muungwana wa Unguja. Elvis Musiba aliandika Kufa na Kupona mwaka 1974, akamzaa Willy Gamba, jasusi anayevuka mipaka ya Afrika kwa ajili ya ukombozi. Musiba alikuwa mfanyabiashara, akafika kuongoza chemba ya biashara ya Tanzania. Hata huyu hakuishi kwa riwaya peke yake. Nimewatafuta waandishi wa Kiswahili wa kizazi kile walioamka asubuhi, wakanywa chai na kwenda mezani kuandika hadithi bila kazi nyingine, sikuwapata. Tabia yao kubwa ya uandishi ilikuwa kuandika wakiwa wamechoka.

Aliye jirani zaidi na Burundi ni Ben Mtobwa. Alizaliwa mwaka 1958 mkoani Kigoma, nchi ya Waha, ambao lugha yao na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja: Muha na Mrundi wakikutana sokoni hawahitaji mkalimani. Kijana wa Kigoma akaenda Dar es Salaam, akawa mwanahabari na mchapishaji, akaanzisha kampuni yake ya Heko, na akamwachia mpelelezi wake Joram Kiango jiji zima alichezee, pamoja na mwenzake Nuru. Dar es Salaam Usiku, ya 1990, ndiyo iliyomtangaza zaidi, nayo ilitafsiriwa kwa Kiingereza. Alifariki 2008 akiwa na miaka 50. Ukisoma Mtobwa unaona mtu anayekata sura palepale unapotaka kugeuza ukurasa. Ni mkato wa mwandishi wa gazeti, aliyezoea maneno “itaendelea toleo lijalo” na kujua kwamba msomaji asiponasa leo, wiki ijayo hanunui.

Basi Kiswahili chenyewe kilifikaje mpaka milima ya Burundi? Kwa misafara iliyotoka Ujiji, kisha kwa Wajerumani, ambao mwaka 1912 waliweka makao yao Kitega, kama walivyoiandika, wakiwa na askari na makarani waliozungumza Kiswahili. Kikabaki kuwa lugha ya soko, gereji, msikiti na mitaa ya wageni. Kwa miaka mingi kumwita mtu Mswahili nchini Burundi kulikuwa na harufu ya dharau, kana kwamba unasema mjanja asiye na kijiji. Rwagasore hakuwa na dharau hiyo. Waswahili wa Buyenzi, Usumbura, walikuwa miongoni mwa wafuasi wake wa mwanzo. Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 lugha hiyo ilipanda hadhi, na shule zikaifundisha.

Muyinga ndiko inakosikika waziwazi. Mji uko kaskazini mashariki, una Waislamu wengi, na mpaka wa Kobero hauko mbali: ng'ambo ni Kabanga na Ngara, Tanzania. Malori ya mizigo ya Dar es Salaam hupita hapo. Watu nao walipita, kwa sababu nyingine. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba 1993, familia nyingi za upande huu zilikimbilia Ngara. Waliowatangulia, wakimbizi wa mauaji ya 1972, walikuwa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ambako watoto wao walisoma shule kwa Kiswahili. Wengine walirudi kuanzia 2008 wakiwa wanajua kukisoma kuliko Kirundi. Msomaji wa Joram Kiango anaweza kuwa mmoja wao.

Lakini taharuki iliyowashika Warundi wengi zaidi haikuwa kitabuni, ilikuwa redioni, na mwandishi wake ni mwanamke. Kuanzia 1997, vita vikiendelea, Studio Ijambo ilianza kutayarisha Umubanyi Niwe Muryango, mchezo wa kuigiza wa mfululizo. Jina lenyewe linasema jirani ndiye ndugu. Marie-Louise Sibazuri aliandika mamia ya vipindi vyake. Hebu fikiria nidhamu hiyo: kila kipindi sharti kisa kiishe njiani, Mhutu na Mtutsi wote wabaki wakisubiri kandokando ya redio moja kujua nini kimempata yule msichana. Katika nchi ambayo jirani alikuwa mtu wa kuogopwa, Sibazuri aliwafanya watu wamhofie jirani kwa namna nyingine, kwamba asidhurike. Musiba na majasusi wake wote hawakupata kuitumia taharuki kwa kazi ngumu kama hiyo.

Kisha akaja Roland Rugero, aliyezaliwa 1986. Alikulia katika nyumba ambamo kusoma ndiyo ilikuwa burudani, akaonja ukimbizi Rwanda na Tanzania baada ya 1993, akawa mwanahabari. Riwaya yake ya pili, Baho!, yaani “ishi!”, ilitoka 2012 kwa Kifaransa, na miaka minne baadaye ikatafsiriwa kwa Kiingereza. Kisa chake ni cha kukata pumzi. Kijana bubu, Nyamuragi, amebanwa na haja, anamwuliza msichana kwa ishara mahali pa kujisitiri. Msichana anaelewa vibaya, anapiga kelele, na kijiji kizima kinamfukuza. Hakuna fumbo la nani kafanya nini. Msomaji anaujua ukweli tangu mwanzo, na mtu pekee ambaye angeweza kuusema hana sauti. Ni ibanga lililogeuka kitanzi.

Rugero pia alikuwa miongoni mwa walioanzisha mkahawa wa fasihi wa Samandari mjini Bujumbura, uliopewa jina la yule mchekeshaji wa hadithi za kale aliyewadhihaki wakubwa, pamoja na tuzo ya hadithi fupi yenye jina la Michel Kayoya. Kayoya alikuwa padri na mwandishi. Mwezi Mei 1972 aliuawa Gitega, akatupwa pamoja na wengine katika kaburi la halaiki kando ya mto Ruvubu.

Ruvubu hutoka milimani kaskazini, hupita karibu na Gitega, hugeukia kaskazini mashariki kuvuka Karusi na Muyinga, kisha huingia Kagera kuelekea Ziwa Victoria. Ukitoka Gitega kwenda Muyinga kwa gari unapita Karusi pia. Muyinga kuna maktaba ndogo iliyojengwa mwaka 2012 na wasanifu wa BC Architects kutoka Brussels pamoja na mafundi wa palepale, kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa na mbao za mikaratusi. Ndani wamefuma bembea kubwa ya kamba za katani, watoto wakajilaze juu yake na vitabu. Ilikusudiwa shule ya watoto viziwi. Kila nikiisoma Baho! namfikiria Nyamuragi juu ya kamba zile.

Na huko Karusi, mwanzoni mwa 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi sita ya halaiki, ikahesabu mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi ya waliokufa walitambuliwa kwa vitu walivyokuwa navyo. Bwana Msa, ambaye alizoea kupewa kipande kimoja tu cha ushahidi kwa kitabu kizima, angekuta hapo vimepangwa kwenye turubai: risasi, vipande vya nguo, miwani, rozari.