Momenta

Kwenye makarasha ya Geita, pipa likizunguka, gololi za chuma hupanda nalo kisha huangukia mawe yenye dhahabu. Mwendeshaji atakuambia gololi zina nguvu. Fizikia inataka neno jingine: momenta, yaani masi ya kitu ikizidishwa kwa velositi yake. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliiita kiasi cha mwendo. Mimi nashikilia momenta, kwa sababu "nguvu" tumeshaitwisha mizigo mingi mno: misuli, umeme, hata mamlaka.

Nguvu ya kupasua, ambayo wanafizikia huiita kani, huja pale gololi inapokutana na jiwe. Momenta yake hubadilika ndani ya muda mfupi sana, na ufupi huo ndio unaozaa kani kubwa. Iangukie gunia la pumba, itasimama vilevile, ila taratibu, na hakuna kitakachovunjika.

Madereva wetu nao husema kasi tu. Chukua lori la tani 30 kati ya Shinyanga na Kahama, likienda mita 10 kwa sekunde: momenta yake ni kilogramu-mita 300,000 kwa sekunde. Bodaboda yenye kilo 250 pamoja na watu wake, ikija mbele yake kwa mita 20 kwa sekunde, ina 5,000. Katika mgongano jumla ya momenta haipotei. Zikigongana na kunasana, lori hushuka hadi mita 9.75 hivi kwa sekunde. Bodaboda hugeuzwa na kurudishwa nyuma kwa mwendo huohuo.