Sahani ya Shangazi

Shangazi alipofika Katesh kwenye msiba wa babu, wanawake jikoni walinong'ona: amekonda hivi, atakuwa anaumwa. Mimi nilijua. Mwaka uliotangulia, jijini, alifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Nisilolijua ni nililoliona nyuma ya nyumba: alitafuna nyama, akaitema kwenye tishu, akaikunja. "Usimwambie bibi yako."

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, kwa hiyo nilikimbilia nilikozoea, kwenye tarehe.

Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys alianza jaribio na vijana 36 wa kujitolea, akitafuta namna ya kuwahudumia watu walioshindishwa njaa na vita. Kwa miezi sita walipunguziwa chakula, wakapoteza takribani robo ya uzito. Walilamba sahani na kusoma vitabu vya mapishi. Chakula kiliporudi, baadhi walikula kupita kiasi na bado hawakushiba. Walikuwa vijana wenye afya. Njaa ndiyo iliyowabadilisha.

Mwaka 1954, chuoni hapohapo, Arnold Kremen na wenzake walieleza upasuaji wa kuukata utumbo njia ya mkato ili mwili usifyonze chakula chote. Mwaka uliofuata Wanorwei walifungua hospitali Haydom, wilayani Mbulu. Huko madaktari walitafuta namna ya kuuzuia mwili kupokea chakula. Huku, hadi karne hii, watafiti wamewafuatilia watoto wa Haydom kujua jinsi maradhi ya utumbo yanavyowadumaza.

Shangazi alizaliwa katika hospitali hiyo, akakulia Hanang, kwenye nyumba ya watoto wengi. Mvua ikigoma, aliyechelewa kunawa alikuta sufuria tupu. Alijifunza kula haraka. Upasuaji wa siku hizi huondoa takribani asilimia 80 ya mfuko wa chakula, lakini haumfikii mtoto yule aliyeiogopa sufuria. Sasa hofu imegeuka: anaogopa kunenepa tena. Wengine baada ya upasuaji hudonoa kutwa nzima bila kujizuia, wengine hujitapisha. Ni ugonjwa wa ulaji, na mara nyingi hufichwa na pongezi za kupungua.

Kila alipokwenda kliniki alipimwa kilo, akasifiwa. Hakuna aliyemuuliza anakulaje.

Nikamuuliza mimi, usiku, wageni walipolala.

"Kwa hofu," alisema. "Tangu utotoni."

Tulikubaliana nimsindikize kliniki tutakaporudi, akaliseme hilo kabla ya kupanda mizani.