Sheria ya udongo na ukoo wake

Mkatekista mmoja mzee alifika kwetu mchana wa jua kali, na karatasi mkononi iliyokunjwa mara nne. Tulikuwa misioni kwa likizo kubwa, tukisaidia kunakili vitabu vya ubatizo. Karatasi ilitoka biro ya mambo ya udongo. Ilisema ya kwamba shamba ambalo ukoo wake ulilima tangu zamani za babu yake ni udongo wa Leta, kwa sheria ya tarehe 20 ya mwezi wa saba 1973. Mzee akatuuliza: « Wanangu mafratri, ninyi mnasoma sana. Sheria hii ilizaliwa wapi? Nani aliiomba? »

Tulimjibu ya kwamba sheria ni sheria. Akatushukuru kwa adabu, akaenda zake. Jibu lile lilituletea haya tangu jioni ile, kwani hatukusema uwongo, lakini hatukumwambia kitu.

Basi tulianza kutafuta, na tulichopata ni hiki. Sheria ile ya 1973 ina wazazi na mababu. Babu wa kwanza ni amri ya tarehe 1 ya mwezi wa saba 1885, siku za kwanza za Leta Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Amri ile ilisema ya kwamba udongo usiokaliwa na mtu, udongo « wazi », ni mali ya Leta. Neno moja tu. Lakini mkulima wa kwetu anajua ya kwamba shamba lililolala miaka sita ao kumi ili lipate nguvu tena si shamba lisilo na mwenyewe. Anajua vilevile ya kwamba msitu wa kuwinda, wa kuokota kuni na wa kuchuma dawa una watu wake, hata kama hakuna nyumba ndani. Waandishi wa amri walitazama kwa macho ya mtu anayetafuta ukuta na kibao cha mpaka. Pasipo ukuta waliona wazi.

Tarehe 3 ya mwezi wa sita 1906 ikatoka dekreti nyingine. Hii ilieleza ya kwamba udongo wa wenyeji ni ule wanaokaa, wanaolima ao wanaotumia kwa desturi zao. Tena ilitoa ruhusa ya kukipa kijiji eneo hata mara tatu ya lile walilokalia na kulilima. Kwa nini mfalme aliyesema « wazi » katika 1885 alikubali « mara tatu » katika 1906? Kwa sababu katikati kulikuwa kilio cha raba, na barua za wamisionari, na komisyo ya uchunguzi iliyotoa habari yake mwaka 1905. Mtu akisoma dekreti peke yake haoni haya hata kidogo.

Kisha uhuru. Tarehe 7 ya mwezi wa sita 1966 ikaja sheria ya Bakajika, inayoitwa kwa jina la mbunge aliyeileta. Kwa sheria hiyo Leta ilirudisha mkononi mwake haki zote za udongo, misitu na madini ambazo wakoloni waligawia makampuni kabla ya 30 ya mwezi wa sita 1960. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Halafu sheria ya 1973, katika artikulo ya 53, ikasema ya kwamba udongo wote ni mali ya Leta peke yake, haiuzwi wala haipotei kwa kupita kwa miaka. Artikulo ya 387 ikatia na udongo wa jamii za vijiji katika mali ile. Lakini artikulo ya 389 ilitoa ahadi: haki za watu juu ya udongo wao zitapangwa na ordonansi ya Rais wa Jamhuri. Zaidi ya miaka 40 ilipita, ordonansi ile haikutoka.

Hapa tulisimama, tukamkumbuka mzee wetu. Karatasi yake ilitaja sheria, lakini haikutaja ahadi. Na yeye angewezaje kudai kitu ambacho hakuna mtu aliyemwambia ya kwamba kiliahidiwa?

Shida ni kwamba makaratasi haya yametawanyika. Mwaka 1908, Leopold alipotoa Kongo mikononi mwa Ubelgiji, makaratasi mengi ya Leta Huru yalichomwa moto huko Brussels. Mkataba wa Koloni wa 18 ya mwezi wa kumi 1908 uliagiza dekreti zitangazwe kwa Kifaransa na kwa Kiflama, na maandiko yote mawili yawe rasmi. Kwa Kiflama! Wala Kiswahili, wala Lingala, wala Kikongo, wala Tshiluba hakikutajwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo tuseme ukweli: Baraza la Koloni huko Brussels lilikuwa na desturi moja njema. Habari ya mabishano yake ilichapwa pamoja na dekreti katika Bulletin Officiel, na msomaji anaweza kujua nani alipinga na kwa nini. Ni wachache kwetu wanaoweza kufungua vitabu hivyo. Sheria ya Msingi yenyewe ya 19 ya mwezi wa tano 1960 ilijadiliwa katika bunge la Ubelgiji, na anayetaka kujua maneno yaliyosemwa siku zile huanza huko.

Baadaye tulikuwa na mabishano yetu wenyewe. Mwaka 1961 wabunge walifungiwa Lovanium, wakilindwa na askari wa ONU, mpaka walipokubali serikali ya Cyrille Adoula tarehe 2 ya mwezi wa nane. Mwaka 1964 komisyo ilitunga katiba huko Luluabourg. Mwaka 1991 na 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa, ulioongozwa na Mgr Monsengwo, ulisikika kwa radio hata vijijini; wazee wanakumbuka sauti, lakini ukiwauliza mambo yaliyoamuliwa, kila mtu ana yake.

Sisi wa seminari hatuwezi kujifanya wageni wa jambo hili. Kanuni ya 6 ya Sheria ya Kanisa inaagiza ya kwamba kanuni zinazorudia sheria ya kale zifasiriwe kwa kutazama mapokeo. Kanuni ya 17 inasema, mashaka yakibaki, tutafute shabaha ya sheria, mazingira yake na nia ya aliyeitunga. Kanuni ya 535 inamlazimisha paroko kutunza vitabu vya parokia na kulinda vile vya kale. Katika mtihani tunayajibu haya vizuri sana. Tukitoka darasani, tunasoma sheria ya inchi kana kwamba ilianguka toka mbinguni jana.

Na katiba ya 18 ya mwezi wa pili 2006 inatupa mlango. Artikulo ya 142 inaagiza serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu kutangazwa. Artikulo ya 45 inalazimisha wakuu wa inchi kufundisha katiba. Artikulo ya 34 inalinda mali ya mtu na ya jamii iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Neno hili « desturi » lingemsaidia mzee kuliko jibu letu lote.

Parokia nyingi zina sanduku la magazeti ya kale, Moniteur Congolais moja moja, barua za teritware, kontra za udongo wa misioni. Mara nyingi mchwa ndio wasomaji wake. Fratri mmoja aliye likizoni anaweza kupanga sanduku lile kwa juma mbili, na mkatekista anaweza kusomea watu artikulo moja kila mwezi, pamoja na habari ya kuzaliwa kwake.

Kabla ya kurudi seminarini tulimnakilia mzee artikulo ya 389 na ya 34, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na chini yake miaka minne: 1885, 1906, 1966, 1973. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Akauliza kama anaweza kupata nakala ya pili, kwa ajili ya mdogo wake ambaye wanabishana naye juu ya mpaka.