Historia: Kijiti cha sabuni ya ndevu katika vita vya 1914-1918

Aprili 1915, huko Ieper nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani liliwarushia askari wa Ufaransa gesi ya klorini. Tangu hapo kinyago cha gesi kikawa uhai, na ndevu zilikizuia kushika uso vizuri.

Askari wengi walinyoa kwa sabuni ya kijiti, isiyohitaji bakuli. Mtu alilowesha uso, akasugua kijiti, akatoa povu kwa brashi, ndipo akapitisha wembe. Lakini brashi za manyoya ya farasi yasiyosafishwa vema ziliwaletea baadhi yao kimeta, na wengine walikufa. Mkwaruzo mdogo ulitosha kuwa mlango.

Mlango huo ungali wazi kambini leo. Kijiti hukatwa, jirani akapata kipande. Wembe, kila mtu na wake: damu kidogo hupitisha ukimwi na homa ya ini.