Idadi Iliyotangulia Ukweli

Magharibi mwa Yerusalemu, mahali kilipokuwa kijiji cha Deir Yassin, pana hospitali ya wagonjwa wa akili iitwayo Kfar Shaul. Baadhi ya nyumba za mawe za wanakijiji zimo ndani ya uzio wake. Mtu akitaka kuelewa jinsi mitandao ya kijamii inavyotujengea maoni kuhusu Waisraeli na Wapalestina, namshauri aanzie hapa, zaidi ya nusu karne kabla ya Facebook.

Alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1948, wapiganaji wa makundi mawili ya Kiyahudi, Irgun na Lehi, walikivamia kijiji hicho, ingawa wakazi wake walikuwa wamepatana na majirani zao Wayahudi wa Givat Shaul kwamba hawatashambuliana. Waliuawa wanaume, wanawake, wazee na watoto. Kamanda wa Irgun mjini Yerusalemu aliwatajia waandishi wa habari idadi ya waliokufa: 254. Magazeti yakaichapisha, redio zikaitangaza, vitabu vikairithi. Mwaka 1987 watafiti Wapalestina wa Chuo Kikuu cha Birzeit waliwahoji manusura na kuorodhesha marehemu jina kwa jina. Walipata 107.

Idadi ile kubwa ilikubalika upesi kwa sababu kila upande uliihitaji. Waliovamia walitaka Waarabu waingiwe na hofu. Viongozi wa Kiarabu wa Yerusalemu nao walitaka majeshi ya nchi jirani yapandwe na hasira yaje kusaidia, kwa hiyo wakaongeza na habari za ubakaji. Miaka 50 baadaye Hazem Nuseibeh, aliyekuwa mhariri wa habari katika redio ya Kiarabu siku zile, aliiambia BBC kwamba hilo lilikuwa kosa lao kubwa, maana wanavijiji waliposikia walifungasha wakakimbia. Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makazi yao katika vita vya 1948. Wengi walifukuzwa kwa mtutu wa bunduki. Wengine walitanguliwa na habari kabla bunduki haijafika. Na tarehe 13 Aprili, siku nne baada ya mauaji ya Deir Yassin, msafara wa madaktari, wauguzi na wagonjwa uliokuwa ukipanda kwenda hospitali ya Hadassah ulishambuliwa na Waarabu, Wayahudi wapatao 78 wakauawa.

Watu 107 ni msiba mkubwa usiohitaji kuongezewa hata mmoja. Hilo ndilo ninaloliona kila ninapoifuata njia hii: waliotia chumvi waliwaponza watu wao wenyewe.

Chombo kilichobeba habari ile kilikuwepo tangu tarehe 30 Machi 1936, Waingereza walipofungua Redio ya Palestina na kuusimamisha mnara wake Ramallah. Ilitangaza kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiebrania, na kila jamii ikasikiliza kwa lugha yake. Usiku wa tarehe 29 Novemba 1947, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura ya kuigawa Palestina, matokeo yaliyosikika yalikuwa yale yale: 33 waliunga mkono, 13 walipinga, 10 hawakuelemea upande wowote. Tel Aviv watu walicheza barabarani hadi alfajiri. Upande wa Waarabu ulitangazwa mgomo.

Kutoka Ramallah njia inaelekea Cairo, na hapo inatugusa sisi. Mwaka 1953 Misri ilianzisha Sauti ya Waarabu, na mwaka 1954 Redio Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili. Wasikilizaji wa pwani yetu, Zanzibar na Mombasa, wakaanza kuzipokea siasa za Mashariki ya Kati kwa lugha ya nyumbani, bila kupitia kwa mkoloni.

Lakini chombo kinachoaminiwa kikisema uongo, madhara yake huwa makubwa zaidi. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1967 ndege za Israeli ziliteketeza sehemu kubwa ya jeshi la anga la Misri likiwa bado ardhini. Wakati moshi ukifuka viwanjani, mtangazaji Ahmed Said wa Sauti ya Waarabu alikuwa akihesabu ndege za Israeli alizodai zimetunguliwa, makumi kwa makumi. Watu walishangilia mitaani. Siku nne baadaye Rais Nasser wa Misri alijitokeza kutangaza kwamba anajiuzulu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ile ilimalizika ndani ya wiki moja, lakini imani ya Waarabu wengi kwa redio zao haikurudi tena kama ilivyokuwa.

Kisha ikaja enzi ya picha. Tarehe 30 Septemba 2000, kamera ya televisheni ya Ufaransa ilimnasa Muhammad al-Durrah, mtoto wa miaka 12, akiwa amejibanza nyuma ya baba yake huku risasi zikirindima Gaza. Tarehe 12 Oktoba, kamera ya Kiitalia ilimwonyesha kijana dirishani Ramallah akiinua mikono yenye damu, baada ya umati kuwaua askari wawili wa akiba wa Israeli. Wapalestina waliibeba picha ya kwanza, Waisraeli ya pili, na kila upande ukashangaa kwa nini mwenzake haoni.

Simu ilipofika, basi, ilikuta njia imeshalimwa. Tarehe 14 Novemba 2012 jeshi la Israeli lilitumia Twitter kutangaza kwamba limeanza operesheni Gaza kwa kumuua Ahmed Jabari, kamanda wa Hamas. Tawi la kijeshi la Hamas likajibu hapo hapo, kwenye mtandao ule ule. Mwaka 2014 BBC ilichunguza picha zilizosambazwa kuwa za Gaza, ikakuta baadhi zilipigwa Syria na Iraq.

Redio ilikuwa na mhariri mwenye jina. Mtandaoni kazi ya kuchagua nani asikike hufanywa na programu na wafanyakazi tusiowaona. Mei 2021, familia za Kipalestina za Sheikh Jarrah, Yerusalemu Mashariki, zilipotishiwa kuondolewa nyumbani, vijana wa mtaa huo waliionyesha dunia hali yao kwa simu. Wengi walioposti kuhusu jambo hilo walikuta maneno yao yameondolewa. Uchunguzi ulioagizwa na Meta yenyewe, kampuni inayomiliki Facebook, uliotolewa Septemba 2022, ulikiri kwamba posti za Kiarabu zilifutwa kupita kiasi, wakati zile za Kiebrania hazikuwa hata na chombo cha kutambua lugha ya chuki. Hashtegi ya Al-Aqsa, jina la msikiti mtukufu, ilikuwa imeingizwa kwenye orodha ya maneno ya kuzuiwa kwa kuchanganywa na jina la kundi la wapiganaji.

Halafu ikafika tarehe 7 Oktoba 2023. Wapiganaji wa Hamas na wenzao waliua watu wapatao 1,200 kusini mwa Israeli, wakateka 251, huku baadhi yao wakijirekodi. Miongoni mwa waliouawa walikuwa vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Video ya mauaji ya mmoja wao ilizunguka mitandaoni, na mwili wake ulirejeshwa Israeli Novemba 2025 tu. Fikiria wazazi waliosubiri kuzika wakati video hiyo ikiendelea kupita kwenye simu za watu wasiowajua.

Siku chache baada ya shambulio, ilidaiwa kila mahali kwamba watoto 40 wachanga walikatwa vichwa. Rais wa Marekani wakati huo, Joe Biden, alisema ameona picha, kisha Ikulu yake ikafafanua kwamba hakuziona. Tarehe 17 Oktoba mlipuko ulitokea hospitali ya Al-Ahli, Gaza. Ndani ya saa moja dunia ilishaambiwa kwamba bomu la Israeli limeua watu 500, na usiku huo huo waandamanaji walifurika Amman na Beirut. Mwezi uliofuata Human Rights Watch ilisema ushahidi unaelekea kwenye roketi ya Wapalestina iliyokwenda kombo. Siku hizo hizo vipande vya mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3 vilisambazwa kama video za vita.

Je, haya yanageuza maoni ya watu? Kituo cha utafiti cha Pew kiliona Wamarekani wenye mtazamo mbaya kuhusu Israeli wakipanda kutoka asilimia 42 mwaka 2022 hadi 53 mwaka 2025. Kuitupia simu lawama yote si haki: vijana wa Marekani walianza kuwaelekea Wapalestina kabla ya TikTok kushika kasi, na kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya Gaza watu zaidi ya 60,000 walikuwa wameuawa huko kufikia katikati ya 2025. Kilichowasukuma wengi ni mambo yaliyotokea kweli, na waliwezeshwa kuyaona na waandishi wa Gaza waliorekodi huku wenzao wakiuawa, wakati Israeli ikiwazuia waandishi wa nje kuingia kwa uhuru.

Ndiyo maana uzushi unaniuma. Mwishoni mwa 2023 gazeti moja la Israeli liliandika kwamba mtoto mchanga aliyekufa Gaza ni mwanasesere, kisha likaiondoa habari hiyo. Wapo pia wanaokana hadi leo kwamba raia wa Israeli walichinjwa tarehe 7 Oktoba. Wote hao wanapata nguvu kutoka chanzo kimoja: kila picha ya uongo iliyofichuliwa huwapa kisingizio cha kuikana na ya kweli. Anayewapenda Wapalestina, na anayewapenda Waisraeli, ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuuliza picha ilipigwa lini, wapi, na aliyehesabu maiti ni nani, kabla hajaituma kwenye kundi la WhatsApp. Waliokufa hawawezi kusahihisha tunayoyasema juu yao. Deni hilo ni letu sisi tunaosambaza.