Nyika Iliyokuwa Malisho: Nyanda za Juu za Ngara na Biharamulo

Atembeaye kwa miguu juu ya migongo ya vilima vya Ngara, kisha akateremka upande wa mashariki kuelekea Biharamulo na ziwa Burigi, huambiwa na watu wa mjini kwamba anakwenda porini. Neno hilo sisi hatulikubali upesi. Pori ni mahali ambapo binadamu hakukaa. Na nchi hii, yenye nyati, tembo, nyamera na pofu, ni nchi iliyokaliwa, iliyolishwa na kuchomwa moto kwa mpango vizazi na vizazi kabla haijaachiwa wanyama. Kusudi letu katika kurasa hizi ni kuieleza historia hiyo kwa kadiri inavyosomeka katika ardhi yenyewe na katika kumbukumbu zilizoandikwa.

Ardhi husomeka kwa miguu. Apitaye kwa gari katika barabara kuu ya kutoka Nyakanazi kwenda Rusumo huona miti na nyasi tu. Lakini anayetembea, naye akiwa na macho ya mfugaji, hukuta mstari wa minyaa uliosimama peke yake mahali pasipo nyumba, akatambua kuwa hapo palikuwa na ua. Mbele kidogo hukuta duara la nyasi fupi za kijani kibichi katikati ya nyasi ndefu zilizokauka. Hapo palikuwa na zizi, na samadi ya ng'ombe waliokufa zamani ingali inailisha ardhi. Swala hupapenda mahali hapo kupita pengine pote. Hivyo mnyama wa leo anakula urithi wa mfugaji wa jana, na wala hapana ishara wala kibao kinachomwambia mgeni jambo hilo.

Nyanda hizi zilikuwa na dola zake. Upande wa Biharamulo ulikuwako ufalme wa Rusubi, ambao wageni wa pwani waliuita Usui, uliotawaliwa na Wahinda, ukoo uleule uliotawala Karagwe na Ihangiro. Magharibi yake ilikuwako Bushubi, na mbele zaidi, kwenye bonde la mto Ruvubu, Bugufi ya Wahangaza. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipita Usui akielekea Karagwe kwa mfalme Rumanika. Kitabu chake kimejaa manung'uniko juu ya hongo alizodaiwa na mfalme wa Usui, aliyemwita Suwarora: nguo, shanga na nyaya, na siku nyingi za kungoja ruhusa ya kuondoka. Wasomaji wengi wa Ulaya waliyaamini manung'uniko hayo wakadhani kwamba Usui ilikuwa nchi ya wanyang'anyi. Lakini tuulize: ni nchi gani ya Ulaya wakati ule iliyomruhusu mgeni mwenye bunduki na msafara wa wapagazi kupita bila kulipa ushuru mpakani? Hongo ilikuwa ushahidi kwamba nchi ilikuwa na mwenyewe. Speke huyohuyo alipofika kwenye ziwa Burigi aliandika habari za maji yaliyopungua, na huko Karagwe aliwinda vifaru. Kifaru sasa hayuko tena katika mabonde hayo.

Ng'ombe wa nchi hii alikuwa yule mwenye pembe ndefu zilizojipinda juu, jamaa ya ng'ombe wa Ankole. Hakufugwa kwa nyama. Alikuwa maziwa, samli, mahari na, zaidi ya yote, kifungo baina ya mtu na mtu. Huko Bugufi, ambako kabla ya mipaka ya wakoloni palikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, mtu aliyepewa ng'ombe na mkubwa wake aliingia katika uhusiano ulioitwa ubugabire: alitunza mnyama, akatoa kazi na heshima, naye akapata ulinzi. Wako wanaousifu mpango huo kama ujamaa wa asili. Sisi hatuwezi kwenda umbali huo. Ng'ombe alimwokoa maskini katika mwaka wa njaa, lakini pia alimfanya kuwa mtu wa mwingine, na yafaa mambo yote mawili yasemwe pamoja. Kwa upande mwingine, utaratibu wa malisho wenyewe ulikuwa wa hekima kubwa. Wakati wa kiangazi majani yalichomwa ili machipukizi yatoke, vichaka vikazuiwa kupanda kutoka mabondeni, na mbung'o akabaki mbali na mazizi.

Utaratibu huo ulivunjika katika miaka michache. Sotoka iliyoingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 ilifika Afrika Mashariki mnamo mwaka 1890 na 1891, ikaua ng'ombe na nyati pamoja. Oscar Baumann, Mwaustria aliyewakuta Wamasai wakifa njaa huko Ngorongoro mwaka 1892, katika safari hiyohiyo alifika Ushubi na kuvuka kuingia Burundi. Kisha ikaja ndui, wakaja na funza. Mahali ambapo hapakubaki ng'ombe hapakuwa na sababu ya kuchoma majani, wala watu wa kutosha kuyachoma. Vichaka vikapanda vilima, nyati na nguruwe mwitu wakarudi kwa wingi kuliko ng'ombe, na mbung'o akawafuata. Nyuma ya mbung'o zikaja nagana na malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale, na nchi waliyoihama ikazidi kuwa msitu. Mtaalamu John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971, na baada yake Helge Kjekshus mwaka 1977, wameeleza kwa kirefu namna maradhi hayo yalivyoinyang'anya Afrika ardhi yake. Yaliyoitwa na maofisa mapori ya tangu kuumbwa kwa dunia yalikuwa na umri wa miaka arobaini.

Ya utawala wa kigeni tutayapita upesi. Gustav Adolf von Götzen alivuka Kagera mwaka 1894; baadaye akawa gavana wa Wajerumani wakati wa Vita vya Majimaji. Boma la Biharamulo, lenye kuta nene nyeupe, ni la Wajerumani. Mwaka 1916 Wabelgiji waliuteka mji huo, na baada ya vita mpaka mpya ukaiacha Bugufi upande wa Tanganyika, ingawa lugha ya Kihangaza ingali inasikilizana na Kirundi.

Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, ikawa mji ghafla. Watu hao walihitaji kuni na kitoweo, na miti na wanyama wa nchi jirani walilipa. Walipoondoka Desemba 1996 waliacha vilima vitupu. Wenyeji wa Ngara waliwapokea. Hilo nalo ni sehemu ya utamaduni wetu, na halitajwi mara nyingi kama inavyostahili.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Tunaipokea hifadhi hiyo kwa furaha, maana tembo waliosalia walihitaji kinga. Lakini mifugo imeondolewa, ya wenyeji na ya Wasukuma waliohamia Biharamulo na makundi yao katika nusu ya pili ya karne iliyopita, na ugomvi juu ya mipaka haujaisha katika mioyo ya watu. Mgeni aongozwaye na askari wa wanyamapori huonyeshwa nyayo za nyati na mti uliovunjwa na tembo. Haonyeshwi zizi. Asipoonyeshwa, atarudi kwao akisema ameiona Afrika isiyoguswa, na mjukuu wa mwenye zizi, akikamatwa na ndama wake ndani ya mpaka, ataonekana kuwa mvamizi wa mahali ambapo babu yake alizikwa.

Wazee wanaoweza kuyataja mahame hayo kwa majina wamebaki wachache katika vijiji vya kando ya hifadhi. Kuwatembeza humo pamoja na wahifadhi hakuhitaji fedha nyingi: kunahitaji ruhusa, kijana wa kuandika, na siku chache za mwisho wa kiangazi, wakati nyasi zimekwisha kuungua na mafiga ya zamani yanaonekana.